Posa ya Kamba-Gando

Jumatano, 9 Aprili

Leo mtaani kwetu Mbuta tumepata mgeni. Daktari Milcah, wa chuo kikuu. Si daktari wa sindano, ni wa viumbe wa majini. Amekuja na ndoo nyeupe, chupa ndogondogo zenye spiriti, na viatu vya mpira vinavyofika mapajani. Anataka kamba-gando wa Mto Mkunguni. Kwa kila kamba anakata mguu mmoja mdogo, anautia chupani, na kamba mwenyewe anaishia kwenye barafu.

Naandika kwa sababu nimekasirika. Mbuta nzima, anayewajua kamba-gando ni mimi, Anwar bin Tinga. Wengine kazi yao ni kuwalaani. Walitokea miaka michache nyuma, baada ya mafuriko, wekundu, wenye magando kama ya kaa, na hakuna anayejua walitoka wapi. Hawatoki baharini, maji ya chumvi hawayapendi. Wanakata nyavu, wanakula mayai ya samaki, wanatoboa kingo. Mimi peke yangu niliwatazama nikaona riziki. Nawatega kwa dema na kumpelekea mpishi wa hoteli moja huku Likoni. Anawachemsha na ndimu na pilipili, na wageni wanajilamba vidole.

Lakini daktari aliposhuka garini aliuliza mwenyekiti wa kikundi cha mto ni nani. Mwenyekiti ni Abdulghani, jirani yangu, mtu asiyemshika kamba-gando bila kuvaa soksi mkononi. Sasa yeye ndiye mwenyeji. Yeye ndiye abebaye ndoo nyeupe. Na amepewa kofia!

Nilikwenda kula kwa dada Mwanatabu, kama kila siku, nikamweleza dhuluma hii. Dada ni mjane, mkubwa wangu, anakaa nyumba ya wazee wetu. Nyuma ya jiko ana bwawa la tilapia alilolichimba kwa mikono yake. Bwawa hilo ndilo linalomweka pale. Binti yake Samiha amemwita mara nyingi ahamie kwake Kiembeni, na dada hujibu kwamba maadamu bwawa lina samaki, hana haja ya kwenda kuzeekea nyumbani kwa mkwe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nimwachie Abdulghani kofia yake, nile, wali unapoa. Ulikuwa wali wa nazi. Nikala.

Jumamosi, 12 Aprili

Mpango wa kwanza: daktari amjue mjuzi wa kweli. Nilitega dema usiku kucha, asubuhi nikajaza ndoo, nikateremka kivukoni nimevaa shati la Idd. Daktari alikuwa ndani ya maji. Abdulghani alikuwa ukingoni, ameishika ile ndoo nyeupe kwa mikono miwili kama sinia la biriani.

Nikatoa salamu. Nikateleza. Tope la Mkunguni halina adabu na shati la mtu. Ndoo ikapinduka, kamba wakatawanyika, mmoja akamdaka Abdulghani suruali. Kwa kitambo kidogo nilikuwa na furaha kamili. Kisha mwingine akanidaka mimi kidole gumba, furaha ikaisha.

Daktari alinifunga kidole kwa kitambaa safi, akatueleza shughuli yake. Katika ule mguu mdogo mna vinasaba, ndiyo DNA. Abdulghani akauliza kama kuna kamba aliyekana mtoto, maana habari za DNA sisi huzisikia kwenye kesi za wanaume wanaokimbia malezi. Watu wakacheka. Daktari naye akacheka, akasema swali halina ubaya. Kuna sehemu ya vinasaba, akasema, hupitishwa na mama peke yake, mama kwa mwanawe, bila baba kutia mkono. Ukiisoma hiyo, unajua kamba wa mto mzima wametokana na akina mama wangapi. Wakiwa wengi, basi waliletwa mara nyingi, kutoka pengi. Akiwa mmoja, huenda ni mtu mmoja tu, alimwaga ndoo moja, siku moja.

Nimelifikiria hilo jioni yote. Nyavu zote hizi zilizokatwa, laana zote hizi, na pengine ni ndoo moja. Mtu akamwaga, akaikung'uta ndoo yake, akaenda zake kula. Hajui mpaka leo alichofanya. Binadamu ni kiumbe wa ajabu sana.

Habari mbaya kutoka hotelini. Mpishi anasema kamba wangu ni wadogo, ganda jingi nyama hakuna. Anataka wa kujaza kiganja. Nisipopata, nisihangaike kurudi.

Ijumaa, 9 Mei

Majibu yamekuja. Tulikusanyika baraza ya madrasa baada ya sala, na daktari akasimama kutusomea. Kuanzia kivukoni hadi mikokoni, wote ni wa mama mmoja. Hata vinasaba vingine, vya pande zote mbili, vinafanana mno. Amesoma miguu mingi na haoni tofauti ya maana.

Watu wakaanza kutaniana, huyu akimwambia yule kwamba kumbe kamba hao wamefanana na ukoo wake. Daktari akangoja. Akasema hii ni habari yenye tumaini ndani yake. Jamii inayofanana hivyo, ugonjwa ukimpata mmoja huweza kuwapata wote. Mwaka wa kiangazi kikali ukija, hakuna aliye tofauti atakayevumilia. Huenda wakapungua wenyewe, hasa tukiwatega kwa bidii. Huenda, alisema mara kadhaa, si lazima. Lakini sharti ni moja: mtu asilete kamba wengine kutoka mto mwingine. Akatutazama wote. Niliona kama mimi alinitazama zaidi, lakini huenda ni kwa sababu ya kidole.

Dada Mwanatabu alifurahi sana. Tulirudi pamoja, akawa anasema Mungu akipenda vifaranga vyake vya tilapia vitakua mwaka huu bila kuliwa. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona akitembea haraka namna ile.

Mimi nilirudi nikiwaza. Huku kwetu tumeoana binamu kwa binamu tangu enzi za babu yangu, na ukitupanga msikitini utaona paji la uso ni lile lile safu nzima. Si jambo baya, lina mapenzi yake, mnajuana. Lakini ami yangu mmoja alikuwa mfupi mno. Nikapata jawabu! Kamba wangu ni wadogo kwa sababu wanaoana wao kwa wao. Wakipata damu ngeni, watajaza kiganja. Daktari hakusema hivyo. Lakini hakukana, kwa kuwa sikumwuliza.

Jumapili, 11 Mei

Mazeras. Nimekwenda kwa bodaboda, kwa barabara ile mpya ya Dongo Kundu, na upepo ulinikausha macho. Kule yuko Kaviha, Mduruma, mtani wetu. Wazee wake na wazee wetu walitaniana, na sisi tunataniana, misibani na harusini, na hakuna ruhusa ya kuudhika.

Kaviha ana shimo la mawe lililojaa maji ya mvua, na ndani yake mna kamba-gando aliowaokota kwenye bwawa la mfugaji fulani aliyefunga biashara. Wakubwa kama magunzi ya mahindi. Anawafanya chakula cha bata! Nikamwambia nataka majike kidogo tu, niende zangu.

Akavua kofia. Akaketi. Akaniambia kwa upole kwamba mtu haji nyumbani kwa watu kuchukua mabinti na ndoo tupu. Kwani yeye hana wazee? Kwao binti hutolewa hivi?

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ulikuwa utani, naam, lakini utani wa watani una sheria yake: ukishaanza unaufuata mpaka mwisho, na anayekatisha njiani ndiye aliyeshindwa na ukoo wake wote. Siwezi kuuaibisha ukoo kwa sababu ya chakula cha bata. Nikamwuliza masharti. Akataja kilemba cha baba, mkaja wa mama, na mnazi wa wazee. Nikasema mnazi siugusi, mimi Muislamu. Akaenda jikoni kushauriana na mkewe, Ruth. Wakarudi na ruhusa: mahali pa mnazi nilete halua na kahawa. Ila Ruth anataka halua ya mjini, ile inayong'aa, asiletewe vumbi la kibandani.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeposa.

Nilivaa kanzu na koti. Nilidhani nitamkuta Kaviha na mkewe. Nikakuta viti vimekodiwa, shangazi zake wamekuja na watoto, wazee wamekaa upande mmoja na nyuso nzito. Majike walikuwa kwenye beseni, wamefunikwa leso. Wale watu wanajua kutania.

Mzee mmoja akaniuliza mgeni ameona nini katika nyumba hii. Nikajibu kama inavyopasa, kwamba tumeona taa inawaka humu ndani, tumekuja kuomba mwanga. Wakaniuliza bwana harusi ni wa ukoo gani. Nikasema ni wa Mkunguni, nyumba ya mama mmoja, haina mchanganyiko. Wakasema ukoo safi. Kilemba nikamfunga Kaviha. Leso ya mkaja nikampa mama yake, akajitanda pale pale. Halua ikapita.

Kisha yule mzee akaniuliza la mwisho: mahari imelipwa, je, watoto ni wa nani? Nikasimama. Simu zilikuwa juu, wananichukua video. Nikasema kwa sauti ya kutosha kwamba watoto wote watakaozaliwa, wa kwanza hadi wa mwisho, ni wa nyumba yangu mimi Anwar, nitawapokea, nitawalea, na nitawajibia. Vigelegele vikapigwa!

Na hapa niandike jambo ambalo sitamwambia mtu. Machozi yalinitoka. Nimewahi kuposa mara mbili maishani, na mara zote mbili nilirudi nyumbani na sinia langu. Leo watu waliniangalia wakasema ndiyo. Najua walisema ndiyo kwa beseni. Lakini nilikuwa nimesimama pale mimi.

Kijana wa bodaboda aliuliza kama mtoto ndani ya leso amelala. Nikasema ndiyo, apunguze mwendo. Nimewamwaga kivukoni jua likiwa linashuka. Waliingia majini bila kugeuka nyuma.

Jumanne, 24 Juni

Wana mayai. Nimemtoa mmoja kwenye dema, nikamgeuza, na chini ya mkia amebeba mayai mengi meusi kama punje za mtama. Nikamrudisha taratibu. Nilikaa ukingoni muda mrefu. Mtu akinipita angedhani nina mawazo ya dini.

Kaviha sasa anakuja kama mkwe. Anapiga hodi, anauliza hali ya wanawe, anataka kuketi kwenye kiti chenye mgongo. Chakula anakulia kwa dada, kwa sababu mimi sina jiko la kumpokelea mkwe. Dada anampakulia bila kuuliza, anamwita shemeji. Akiondoka hubeba mihogo. Namwambia huo ni utani au ni njaa, ananijibu kwamba mkwe haulizwi.

Leo baada ya Kaviha kuondoka, dada alinionyesha ndoo. Ndani mlikuwa na kamba-gando aliyemtoa bwawani mwake, mkubwa, magando yamekomaa. Akaniuliza kama nimewahi kumwona wa namna hii. Nikasema labda ni mvua, masika yalikuwa mazuri, wamenenepa. Alinitazama. Kisha akanipakulia tena.

Nimemdanganya dada yangu jikoni kwake na chakula chake mdomoni mwangu. Nilihisi vibaya mpaka wakati wa chai.

Alhamisi, 4 Septemba

Ushindi. Wamejaa kivukoni, wanene, wanajaza kiganja na kumwagika. Mpishi wa hoteli aliwapiga picha. Aliniita bosi. Niliondoka pale nikitembea katikati ya barabara.

Ushindi umedumu siku chache. Leo nilipofika hotelini na mzigo, mpishi akaniambia ameshapata. Nani? Abdulghani. Anawatega kivuko kile kile, anawapeleka kwenye barafu, amevaa kofia ya daktari. Mpishi anasema yule ni mtu wa sayansi. Nikamfuata Abdulghani nyumbani kwake nikamwambia wale ni watoto wa nyumba yangu. Akaniuliza kama nimewapa majina, awe anawaita kabla ya kuwachukua. Mkewe alicheka mpaka akashika mlango.

Nimesahau kuandika kuhusu bwawa. Maji yanapungua kila asubuhi. Kamba wametoboa tuta upande wa mtoni, vishimo vingi vya kuingia ngumi. Dada anaviziba kwa udongo wa mfinyanzi na majani ya mgomba. Nilimsaidia leo. Tunaziba hapa, wanafungua kule. Nilipomtazama niliona mikono yake imechanika. Wamekula vifaranga karibu vyote. Wamebaki samaki wakubwa. Akasema akiwaokoa hao, ataanza upya. Nikasema ataanza tu, dada. Nilisema kwa moyo, na kila neno lilinichoma.

Jumatatu, 22 Septemba

Bwawa limepasuka.

Jana mvua ilinyesha mchana kutwa, mvua isiyo na msimu. Leo baada ya alfajiri nilimsikia dada akiniita, hakupiga kelele, aliita tu. Tuta lilikuwa limefunguka mahali pa kupita ng'ombe. Maji yote yamekwenda mtoni. Tilapia wengine walikwenda nayo, wengine walibaki wamelala ubavu kwenye tope, wanafungua vinywa. Na kamba-gando walikuwa wanatembea juu yao, bila haraka.

Dada aliingia topeni na leso yake ikaburuta. Alikusanya samaki waliobaki kwenye sufuria, mmoja mmoja. Nikaingia nami. Majirani walikuja. Abdulghani alikuja na koleo, akafanya kazi mpaka adhuhuri bila kusema neno la kejeli, na hilo lilinitia hofu kuliko yote.

Samaki tuliwagawa kwa majirani kabla hawajaharibika. Dada alikataa kubakiza hata mmoja.

Ningemwambia leo. Nilifungua kinywa. Akaniuliza kama nataka chai.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mkutano. Baraza ya madrasa, mzee wa mtaa akiongoza. Daktari Milcah amerudi na majibu mapya, na Kaviha pia alikuwapo, kwa kuwa alikuwa amekuja kula.

Daktari alisoma kwa sauti ya chini. Miguu aliyoichukua mwezi wa nane inaonyesha akina mama wa aina mbili. Wa kwanza ni yule wa zamani. Wa pili hajawahi kuonekana Mkunguni, anafanana na kamba wa mashimo ya Mazeras. Na damu zimeshachanganyika. Watoto wana tofauti nyingi kati yao, huyu hivi, yule vile, na kwa hiyo litakalomwua mmoja huenda lisimwue mwenzake. Lile tumaini la mwezi wa tano, akasema, tusilitegemee tena. Hakukasirika. Alikunja karatasi zake, akatazama chini. Afadhali angekasirika.

Mzee wa mtaa akauliza nani aliyewaleta.

Niliona mlango nikaingia. Nikasimama, nikasema sisi si watu wa kubahatisha, tufuate elimu. Elimu ya daktari inasema nasaba ya kamba husomwa kwa mama. Mama ametoka Mazeras. Basi mwenye kesi ni wa Mazeras. Wazee wakaitikia kwa vichwa, hoja imekaa. Hata Abdulghani akakubali. Nikaketi nikijisikia wakili.

Kaviha akainuka polepole, kilemba changu kichwani. Akasema, "Mtani wangu kanena vyema, mama ni wetu, hatumkani." Akatoa simu. Akampa mzee wa mtaa. Ukumbi wote ukanisikia mimi mwenyewe, kwa sauti ya kutosha, nikisema watoto wote watakaozaliwa, wa kwanza hadi wa mwisho, ni wa nyumba yangu, na nitawajibia. Kisha vigelegele.

Kaviha akawauliza wazee kwa adabu kubwa: kwenu huku, mahari ikishalipwa, mtoto ni wa nani? Wote pale ni baba za watu. Hakuna aliyethubutu kujibu vingine.

Daktari alijaribu kueleza kwamba kamba hawana mahari. Mzee wa mtaa akamshukuru kwa kutuonyesha mama, akasema hilo la mama tumelipokea, lakini hapa mtoto huitwa kwa baba. Hukumu: nilijenge tuta upya, niwatege kamba kila siku, na nikiwatega niwafukie, si kuwauza.

Wakamwuliza dada kama ameridhika. Akasema hana kesi na ndugu yake. Anataka kujua kitu kimoja tu, tuta hilo likijengwa, litashika maji? Wote tukamgeukia daktari. Daktari akasema udongo uliotobolewa namna ile hautashika, maadamu kamba wangali hai mtoni. Dada akashukuru, akavaa viatu vyake, akaenda.

Niliona aibu. Naandika hivyo hivyo, aibu. Nilibaki nimekaa mpaka wakaanza kufagia.

Jumapili, 26 Oktoba

Dada amehama. Samiha alikuja Ijumaa na pikapu ya mumewe. Walipakia kitanda, sanduku, sufuria, na mbuzi ya kukunia nazi. Nilibeba kila kitu mimi. Dada aliniachia ufunguo na sufuria ya maharage, akaniambia nisiyaache juani yakachacha. Hakunilaumu. Nilingoja anilaumu tangu siku ya mkutano na hajafanya hivyo, na sijui mtu anafanya nini na jambo kama hilo.

Jana nilikwenda jikoni kwake kwa mazoea, wakati wa chakula. Jiko baridi. Nikala mkate mlangoni, nikitazama lile shimo kavu. Nyumba ile nimezaliwa ndani yake, na sijawahi kusikia kimya chake. Namkosa dada yangu. Sina namna nyingine ya kuandika.

Leo nimekwenda Kiembeni kumwona. Samiha anakaa ghorofani. Nikamkuta dada amekaa kwenye roshani, kwenye kiti cha plastiki. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza kama nimekula, akainuka kunipakulia kabla sijajibu. Wali ulikuwa wa jiko la gesi, si ule. Nilimwambia ni mtamu.

Kutoka roshani ile unaona chini kuna shimo la zamani la mawe, limejaa maji. Maji safi ajabu, ya kuonekana mpaka chini, na mfereji unatoka pembeni kwenda bondeni. Dada hukaa pale jioni anayatazama. Akaniambia kinachomsumbua ni saa ile ya kulisha samaki, mkono unamwasha, hauna pa kumwaga. Alisema akicheka kidogo. Nikageuza uso nikajifanya natazama maji.

Nilipotoka nikamwuliza mlinzi kama shimo lile lina samaki. Akasema halina kitu. Hata chura. Maji yanakaa bure!

Nimewaza njia nzima, na sasa nimetulia, kwa mara ya kwanza tangu bwawa lipasuke. Kesho nitateremka kivukoni mapema. Nitachagua walio bora, wenye damu ya pande zote mbili, kwa maana daktari mwenyewe amekiri kwamba hao hawafi ovyo. Niliamriwa niwafukie, lakini hukumu ile ilikuwa ya Mbuta, haikutaja Kiembeni. Nitawamwaga kimya kimya, wazaliane, na jioni moja dada atatazama chini na kuona kitu kinatembea majini, apate wa kulisha. Hatakuwa mpweke tena.

Na nimejifunza, nisije nikaonekana mtu asiyejifunza. Mara hii hakuna posa, hakuna kilemba, hakuna simu za watu. Mahari haijalipwa, kwa hiyo watoto watakuwa wa mama yao.